Maana na Matumizi ya Neno "Sorry" la Kiingereza

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo watu wa Afrika Mashariki huyasikia na kuyatamka kila siku, neno "sorry" lina nafasi ya pekee. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu kwa lugha hiyo. Utingo wa matatu hulitamka anapomkanyaga abiria, daktari hulitamka mlangoni mwa wodi, na wakuu wa serikali hulipimia kwenye mizani kabla ya kulitia katika hotuba zao. Kamusi ndogo za Kiingereza na Kiswahili hulifasiri kwa neno moja au mawili, aghalabu "samahani" na "pole", kana kwamba msomaji ana hiari ya kuchagua lolote kati ya hayo. Hiari hiyo haipo. Asemaye "samahani" ana lake alilolitenda. Asemaye "pole" anamliwaza mwenziwe kwa jambo lililompata. Mambo haya mawili, ambayo Kiswahili kimeyatenga, Kiingereza kimeyafungasha katika neno moja.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hilo, maana zake, miundo ya sentensi linamotumika, na taabu linayomletea mfasiri wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba "sorry" hueleza hali ya moyo wa msemaji bila kutaja ni nani aliyekosa, ilhali maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kulifasiri, yaliyo mengi, hutaja au hudokeza mwenye kosa. Kwa hivyo mfasiri hujikuta amekuwa hakimu bila ya kuombwa. Jambo hili si dogo katika nchi kama Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi.

Asili ya neno

"Sorry" latokana na neno la Kiingereza cha Kale "sarig", lililoundwa kutokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. "Sar" hilo ndilo lililokuja kuwa "sore" katika Kiingereza cha leo. Wengi, hata miongoni mwa Waingereza wenyewe, hudhani kwamba "sorry" na "sorrow", neno lenye maana ya huzuni, ni ndugu wa tumbo moja. Kwa kweli "sorrow" lina shina lake lingine, "sorg", ambalo jamaa yake katika Kijerumani ni "Sorge", yaani wasiwasi. Maneno haya mawili yalikaa karibu kwa sauti na kwa maana muda mrefu hata yakaathiriana, na irabu ya "sorry" ikafuata ile ya "sorrow".

Asili hiyo ina funzo. Kwa mizizi yake, mtu aliye "sorry" ni mtu mwenye kuumia. Hapana katika neno lenyewe kosa, wala hapana ombi. Matumizi yake kama kiingizi kinachosimama peke yake, cha kuomba radhi kwa jambo dogo, yalikuja baadaye sana. Hata leo maana hiyo ya kale ya maumivu haijatoka. Imekaa chini ya zile mpya kama jiwe la msingi lisiloonekana, na mara kwa mara hujitokeza mahali ambapo msikilizaji alitazamia kukiri kosa.

Maana kuu

Katika matumizi ya leo, maana za "sorry" zaweza kugawanywa katika mafungu saba.

Kwanza, kuomba radhi kwa kosa la msemaji. Mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji wake husema "I am sorry". Hapa Kiswahili husema "samahani", "nisamehe" au "niwie radhi".

Pili, kumliwaza aliyepatwa na jambo. Aliyefiwa huambiwa "I am sorry for your loss". Msemaji hakutenda lolote, anashiriki huzuni. Hapa neno ni "pole".

Tatu, kusikitika kwa jambo fulani, hasa katika barua za ofisi. "We are sorry to inform you" ni mwanzo unaojulikana vema na kila aliyewahi kuomba kazi akanyimwa. Kiswahili cha barua husema "tunasikitika kukuarifu".

Nne, kujuta. "You will be sorry" ni onyo, na tafsiri yake ni "utajuta". Ndiyo maana iliyomo pia katika msemo wao unaolingana na wetu wa "tahadhari kabla ya hatari".

Tano, kuona huruma. "To feel sorry for someone" ni kumwonea mtu huruma; na mtu akijifanyia hivyo mwenyewe, basi anajihurumia, jambo ambalo Waingereza hulihesabu kuwa udhaifu.

Sita, hali duni au ya kusikitisha. Nyumba iliyobomoka paa huwa "in a sorry state". Hapa neno halielezi tena moyo wa mtu. Laeleza kitu chenyewe.

Saba, adabu ya mazungumzo. Mwingereza ambaye hakusikia vizuri husema "Sorry?" kwa kiimbo cha kupanda, naye hana kosa wala huzuni; Mswahili hapo angesema "Naam?" au "Umesemaje?" Vilevile anayetaka kupita katikati ya watu, au anayetaka kumkatiza mwenziwe maneno, hutanguliza "sorry" kama vile Mswahili anavyotanguliza "samahani".

Mafungu haya saba hayana ukuta baina yao. La kwanza na la pili hasa hugusana kiasi kwamba mara nyingine ni msemaji peke yake ajuaye amekusudia lipi, na mara nyingine hata yeye hataki kujua.

Sarufi yake

Kisarufi "sorry" ni kivumishi. Likieleza moyo wa mtu, sharti likae baada ya kitenzi: mtu husemwa kuwa yu "sorry". Likitangulia nomino na kuivumisha moja kwa moja, maana hubadilika ikawa ile ya sita. Kwa hivyo mtu anayejuta hawezi kuitwa "a sorry man" pasipo kudharauliwa. Maneno hayo yamfanya kuwa mtu duni wa kuhurumiwa.

Maana hubainishwa zaidi na kinachofuata neno hilo. Likifuatwa na "for" na jina la mtu, ni huruma. Likifuatwa na "for" na jina la tendo, huenda likawa ombi la radhi. Likifuatwa na "about", laweza kuwa lolote kati ya mawili. Likifuatwa na "that" na sentensi nzima, yafaa kumtazama mtenda wa sentensi hiyo: "I am sorry that I hurt you" lina mkosaji ndani yake, naye ni msemaji, lakini "I am sorry that you were hurt" limempoteza mkosaji njiani. Kitenzi kimegeuzwa kuwa cha kutendwa, na aliyetenda hayupo. Kiswahili chaweza kufanya vivyo hivyo kwa kauli ya kutendwa na kutendeka, kama katika "nasikitika kwamba uliumizwa". Hata hivyo hakiwezi kulianza jambo hilo kwa "nisamehe". Sentensi "nisamehe kwamba uliumizwa" humfanya msikilizaji aulize papo hapo: na nani?

Muundo wa hila kuliko yote ni ule unaotumia neno la sharti, "if". Anayesema "I am sorry if anyone was offended" hajakubali kwamba yupo aliyeudhika. Akipatikana, shida imekuwa ni ya huyo aliyeudhika.

Maneno ya Kiswahili yanayolikabili

Neno "pole" lina uhusiano na "polepole" na "upole". Ni neno la kutuliza. Husemwa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyejikwaa, kwa msafiri aliyefika na hata kwa mtu aliye kazini: "pole na kazi", "pole na safari". Kwa wengi huwa "poleni", na jibu lililozoeleka ni "asante" au "nishapoa". Jibu hilo la pili laonyesha jinsi Waswahili wanavyolielewa neno: aliyepatwa ana joto la maumivu, na "pole" ni maji yanayompoza. Lugha nyingine za Afrika zina maneno ya namna hiyo. Katika Dholuo neno "mos" hutumika kumliwaza mtu, na likirudiwa, "mos mos", huwa na maana ya polepole, sawasawa na Kiswahili. Wayoruba nao husema "pẹlẹ" kwa aliyepatwa na jambo.

"Samahani" ni neno la asili ya Kiarabu. Silabi "-ni" iliyo mwishoni mwake si ile ya wingi inayopatikana katika "poleni". Ni kiambishi cha Kiarabu chenye maana ya "mimi", na neno zima hapo asili ni "nisamehe". Katika Kiswahili cha leo limekuwa jepesi, likatumika hata kwa kuombea njia.

"Radhi" lina uzito zaidi. Nalo ni la asili ya Kiarabu, na maana yake ni kuridhika. "Niwie radhi" ni kumwomba mtu aliyeudhiwa aridhike tena. Na "kunradhi", au "kumradhi", kwa asili ni amri yenye adabu, "uwe radhi". Neno hili ndilo linalotumika kwa baraka za wazazi, na ndilo lililo kinywani mwa mtu wa pwani anayekwenda Hija, anapowazungukia jamaa na majirani kabla ya safari ili kama yupo aliyemkosea, wamalizane. Radhi basi haipatikani kwa kutamkwa na mkosaji. Hupatikana kwa kutolewa na aliyekosewa.

Hapa ndipo sarufi inapofunua tofauti ya ndani kabisa. Katika "I am sorry" kiima ni msemaji, na habari inayotolewa ni habari ya moyo wake. Akishaitoa, amemaliza. Katika "nisamehe" mtenda wa kitenzi ni msikilizaji, na msemaji amejishusha hadi kuwa "ni-", yambwa tu wa tendo la mwingine. Uwezo umehama. Sentensi hiyo haikamiliki mpaka upande wa pili uitikie "nimekusamehe", au "yamekwisha", au ukatae. Ndiyo maana Mswahili mwenye hasira aweza kumwambia mkosaji, "Hujaniomba radhi," hali mkosaji amekwisha kusema "sorry" mara tatu. Mkosaji ametoa taarifa, hajaomba kitu.

Kiingereza nacho kina njia ya kuomba kwa namna hiyo: "forgive me" ni "nisamehe" mtupu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo ni mazito, na Mwingereza huyaweka akiba. Kuna pia "apologize", kitenzi kinachotenda kile kinachokitaja. Nalo lina historia ya ajabu, kwani mzizi wake wa Kiyunani, "apologia", ulikuwa na maana ya hotuba ya mshtakiwa ya kujitetea. Neno lililoanza kwa kukana limeishia kuwa la kukiri.

Kiswahili chenyewe hakikosi utata. Katika miji ya bara wapo wengi wanaosema "pole" hata wanapokuwa wao ndio waliomkanyaga mtu, na msikilizaji wa mwambao aweza kushangaa kwamba mkosaji anamliwaza aliyemwumiza mwenyewe kana kwamba ni mpita njia. "Sori" nayo imeingia katika mazungumzo na kukaa mahali pa yote mawili. Isitoshe, lipo neno "kusikitika", ambalo halisemi kosa ni la nani. Neno hili lakaribiana sana na "sorry", ila limepoa: hakuna amkanyagaye mtu sokoni akamwambia "nasikitika".

"Sorry" katika vinywa vya Waafrika

Kwa kuwa wasemaji wa Afrika walikichukua Kiingereza wakiwa tayari na maneno kama "pole", "mos" na "pẹlẹ", walilitanua neno "sorry" likalingana nayo. Mkenya akimwona mgeni amejikwaa kwenye ngazi, atasema "sorry", naye mgeni kutoka Uingereza atajibu kwa mshangao kwamba si kosa lake. Matumizi hayo yanapatikana pia Nigeria na Ghana. Walimu wengi wamewakosoa wanafunzi kwa ajili yake, wakiyahesabu kuwa Kiingereza kibovu. Hukumu hiyo yafaa ipunguzwe ukali. Maana ya kuliwaza imo katika Kiingereza cha Waingereza wenyewe. Walichofanya Waafrika ni kuipanua hadi kwenye masaibu madogo ya kila siku, ambako Mwingereza angenyamaza au angeuliza tu kama mtu ameumia.

Jambo kama hilo limetokea mbali na Afrika. Katika Kiingereza cha wenyeji wa asili wa Australia, maneno "sorry business" ni jina la taratibu za msiba na maombolezo. Hapo neno limerudi karibu kabisa na mizizi yake ya maumivu.

Neno hili katika mambo ya mataifa

Uzito wa tofauti hizi huonekana wazi pale neno linapotoka vinywani mwa serikali. Mifano mitatu itatosha.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya jeshi la majini la Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea baharini, na ndege ya Marekani ikatua kisiwani bila ruhusa, ikiwa na watu 24, ambao walizuiliwa. China ilidai kuombwa radhi, Marekani ikakataa kwamba ina kosa. Tarehe 11 Aprili balozi wa Marekani, Joseph Prueher, alimwandikia waziri wa mambo ya nje wa China barua iliyokuwa na maneno "very sorry" mara mbili: mara moja kwa kifo cha rubani, na mara moja kwa ndege kuingia katika anga ya China na kutua bila idhini ya mdomo. Watu wale wakaachiliwa. Wachina waliwaambia wananchi wao kwamba wameombwa radhi; Wamarekani waliwaambia wa kwao kwamba hawakuomba. Kila upande ulikuwa na sababu. "Sorry" la kwanza katika barua hiyo, likifasiriwa kwa Kiswahili, ni "pole" bila shaka yoyote, maana lilihusu msiba wa familia na wa taifa. La pili lainamia "samahani", bali halifiki. Neno lililoacha swali wazi ndilo lililofungua mlango.

Mfano wa pili ni wa Australia. Mwaka 1997 ilitolewa ripoti kuhusu watoto wa wenyeji wa asili waliotwaliwa na serikali kutoka kwa wazazi wao kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alipitisha bungeni azimio lililoeleza masikitiko ya dhati, akitumia neno "regret", lakini alikataa kutumia "sorry" kwa niaba ya serikali, akishikilia kwamba kizazi cha sasa hakipaswi kubeba hatia ya vizazi vilivyopita. Tarehe 13 Februari 2008 mrithi wake, Kevin Rudd, alilitamka bungeni, tena mara kadhaa. Hapa jambo ni kinyume cha lile la Hainan. Neno ambalo Wamarekani walilitoa kwa sababu halikiri kosa, Howard alilikataa kwa kuhofia kwamba lakiri. Wote wawili walikijua Kiingereza chao. Neno ndilo lenye sura mbili.

Mfano wa tatu uko nyumbani. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia bunge la nchi yake kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Alitumia kitenzi "regret", na papo hapo akasema kwamba serikali yake bado inakana kuwajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III akiwa Nairobi alitaja huzuni kubwa na majuto makubwa kwa maovu yaliyotendwa, akasema kwamba hayana udhuru. Hakuomba msamaha. Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, nchini Tanzania, mbele ya wazawa wa watu waliouawa katika vita vya Maji Maji, miongoni mwao wakiwa wazawa wa Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wao.

Mwandishi wa habari wa Kiswahili ambaye angeandika kwamba viongozi hao wawili "waliomba radhi" angekuwa ametoa habari ya uongo kwa mmoja wao. Mfalme alieleza moyo wake. Rais alijiweka mahali pa "ni-", akawaachia watu wa Songea kitenzi chao. Mtu aliyezoea Kiingereza aweza kuiona tofauti hii kuwa ndogo. Kwa mzee aliyengoja miaka sitini kusikia neno, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mahakamani na hospitalini

Wanasheria nao wamelazimika kulishughulikia neno hili. Katika nchi nyingi zinazotumia Kiingereza, madaktari na madereva walifundishwa kuogopa kulitamka, lisije likatumiwa kama ushahidi wa kukiri kosa. Ili kuondoa hofu hiyo, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inayohusu Uingereza na Wales ilitamka kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Mwaka huohuo jimbo la British Columbia nchini Canada lilipitisha sheria mahsusi ya kuomba radhi, na Ontario ikafuata mwaka 2009. Bunge kutunga sheria kwa ajili ya neno ambalo kila mtoto analijua ni ushahidi tosha wa utata wake.

Na ichukuliwe hali ambayo yaweza kutokea katika hospitali yoyote ya Kenya. Mgonjwa amefariki baada ya upasuaji. Daktari anamwendea mjane, na kwa Kiingereza anasema "I am very sorry". Muuguzi anafasiri. Akisema "Daktari anasema pole sana, mama," mjane ameliwazwa. Akisema "Daktari anaomba msamaha," mjane na shemeji zake watauliza ni kosa gani lililotendwa mle ndani, na huenda wakawa na haki ya kuuliza. Lakini ikiwa daktari kwa kweli alikusudia kukiri, na muuguzi akasema "pole", basi mjane amenyimwa neno lililokuwa haki yake. Muuguzi huyo hana hila yoyote. Ana kamusi inayomwambia kwamba "sorry" ni "samahani" au "pole", na ana nukta moja ya kuchagua.

Mfasiri afanyeje?

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yaweza kumsaidia mfasiri.

Mosi, aulize ni nani aliyetenda. Ikiwa msemaji ndiye mtenda naye akubali, neno ni "samahani", "nisamehe" au "radhi", kwa kadiri ya uzito wa jambo. Ikiwa mtenda ni mwingine, au ni ajali, au ni Mungu, neno ni "pole".

Pili, atazame kinachofuata. Vihusishi na viunganishi vya Kiingereza vilivyotajwa juu hubeba maana ambayo katika Kiswahili hubebwa na neno kuu lenyewe.

Tatu, pale msemaji alipoacha swali la kosa wazi kwa makusudi, mfasiri asilifunge. "Kusikitika" na "majuto" yapo kwa kazi hiyo. Yataonekana baridi, na ubaridi huo huenda ndio uliokusudiwa; si kazi ya mfasiri kuupasha moto kwa niaba ya msemaji.

Nne, pale anapofasiri ana kwa ana, kama mahakamani au hospitalini, na maana haikumbainikia, amwulize msemaji kabla ya kufasiri. Nukta chache za kuuliza ni heri kuliko miaka ya kesi.

Watunga kamusi nao wana sehemu yao. Ingizo la "sorry" katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili lisiwe orodha ya visawe vilivyotengwa kwa alama ya mkato. Litenge mafungu, litoe mifano, na zaidi ya yote limwambie msomaji ni wakati gani "pole" hukoma na "samahani" huanza.

Hitimisho

Imedaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno kikilinganishwa na Kiingereza, na kwamba kazi ya mfasiri ni kuziba mapengo hayo. Katika uwanja huu mambo ni kinyume. Mahali ambapo Kiingereza kina neno moja linalomficha mkosaji, Kiswahili kina "pole" la kumliwaza aliyepatwa, "kusikitika" na "kujuta" ya kueleza moyo, "samahani" ya kosa dogo, na "radhi" ambayo haipatikani ila kwa hiari ya aliyeudhiwa. Utajiri huo una gharama yake, maana humnyima mfasiri mahali pa kujificha. Kila anapoliona neno "sorry" hana budi kujua kama mtu aliye mbele yake anapewa pole au anaombwa radhi; na mtu huyo, awe mjane wa hospitalini au mzee wa Mau Mau, ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo alilopewa.